Kopo Ndilo Jipya, Pombe Ni ya Kitambo

Wasee, kabla mfike kwa komenti mkiwa mmewaka, nisomeni hadi mwisho. Leo naongea kuhusu bia. Kama hujafikisha miaka 18, hii si mwaliko. Sheria inasema 18, na ile sera ya serikali ya 2025 inapendekeza ipandishwe hadi 21. Lakini soma tu, kwa sababu hii stori ni ya pesa na heshima kuliko ya kulewa.

Msimamo wangu ni huu: hizi bia za krafti zinazouzwa Nairobi kama ugunduzi mpya, bia ya wimbi, ya asali, ya mtama, hazina kitu kipya ndani. Kipya ni kopo. Na hilo kopo ndilo linaamua nani anaitwa mpishi wa bia na nani anaitwa mhalifu.

Tuanze na maana. Bia ya krafti ni bia inayopikwa na kiwanda kidogo, kwa kiasi kidogo, na mpishi ana uhuru wa kujaribu ladha. Nairobi tumekuwa nazo zaidi ya miaka kumi. Brew Bistro pale Ngong Road walikuwa wanapika yao wakati wengi wetu tulikuwa bado primo. Siku hizi ziko kila mahali kuna taa za manjano na viti vya mbao: bia yenye kahawa, bia yenye embe, bia yenye tangawizi, bia yenye nafaka "ya asili ya Kiafrika".

Ati mpya. Mpya kwa nani?

Kule Bavaria, Ujerumani, mwaka 1516 watawala walitoa amri kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Hata chachu haikutajwa. Amri kama hiyo ilifanya kazi kwao, ni sawa. Shida ni kwamba tulikuja kuamini kuwa hiyo ndiyo bia, na kila kitu kingine ni pombe ya kienyeji. Kwa hivyo mzungu akitoa shayiri akaweka wimbi, anaitwa mbunifu. Nyanya yako akifanya hivyo hivyo, ni msako.

Nikupe mfano ambao uliniuma sana nilipoanza kufuatilia hii maneno.

Kuna kitu kinaitwa kveik. Ni chachu ya wakulima wa Norway, hasa upande wa magharibi kama Voss. Hao wakulima walikuwa wanapika bia nyumbani, halafu wanatumbukiza pete ya mbao ndani ya bia inayochachuka. Chachu inashika kwa mbao, wanaianika, wanaitundika, na wakipika tena wanaitumbukiza tena. Baba anaachia mtoto, mtoto anaachia mjukuu. Kisha mwandishi mmoja wa huko, Lars Marius Garshol, akazunguka mashambani akiandika namna wanavyofanya. Dunia ya krafti ikapagawa. Chachu ya kawaida ya eli inapenda joto la nyuzi 20 hivi, lakini kveik inafanya kazi hata kwenye nyuzi 40 bila kuharibu ladha. Leo maabara zinaiuza kwa paketi dunia nzima, na paketi zinabeba majina ya Norway. Na kila anayeipenda anajua ni ya wakulima.

Sasa tukuje Murang'a. Muratina unaijua, au angalau umeisikia kwa ruracio. Lile tunda refu kama soseji linalotoka kwa mti wa mũratina, ukilila bichi ni sumu. Wazee wakajua namna ya kulichemsha na kulikausha. Wanaliweka ndani ya maji ya asali au ya miwa, chachu inashika kwenye nyuzi zake, pombe inachachuka. Ikiiva, tunda linatolewa, linaanikwa juani, linawekwa hadi shughuli nyingine.

Ona sasa. Pete ya mbao Norway. Tunda lililokauka Murang'a. Akili ni ile ile. Chachu imehifadhiwa kwenye kitu kikavu, inarithishwa, inaamka ikipata sukari. Moja imekuwa bidhaa ya dunia nzima yenye jina la kwao. Nyingine tunaitaja na kucheka kidogo, kama kitu cha wazee na kucha zao chafu.

Busaa nayo. Watu wanasema "busaa" kama tusi, lakini hebu angalia kazi iliyomo. Unga wa mahindi unakandwa na maji, unaachwa siku kadhaa uchachuke, kisha unakaangwa juu ya bati pana, moshi ukikuingia machoni, hadi ubadilike rangi na unukie. Pembeni kuna wimbi lililolowekwa, likaota, likaanikwa na kusagwa. Hiyo ndiyo kimera. Mbegu ikiota inatengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga kuwa sukari, na chachu inakula sukari. Ukichanganya kimera na ule unga uliokaangwa na maji, kimera inaanza kuuvunja ule wanga wote. Siku chache baadaye unachuja.

Hiyo ni kemia. Kiwanda kikubwa kinafanya vile vile na shayiri, tofauti ni mashine na kipimajoto.

Mtaani nilikolelewa kulikuwa na mama aliyepika busaa. Mara moja nilimuuliza, "Mama, unajuaje kimera iko tayari?" Akaniangalia kama mtu ameulizwa unajuaje mvua imeanza. "Unaionja, mwanangu. Ikikuwa tamu kama uji wa mtoto, anika haraka. Ukingoja majani yatoke, umepoteza." Mimi niliacha chuo, sijui mengi, lakini nimesoma kurasa za kutosha za wapishi wa bia kujua kwamba alichoniambia kwa maneno hayo machache ni somo zima: simamisha mbegu kabla haijala sukari yake yenyewe. Yule mama alisomesha watoto wake na hiyo kazi. Pia alilipa faini, akamwagiwa pipa, na akatoa kitu kidogo mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka.

Sasa sikia hii. Nilialikwa kwa uzinduzi wa bia fulani. Sitataja ni ya nani. Waliniita kwa sababu natengeneza video, na walitaka video. Taa, DJ, vitafunio vya kuchoma, kila kitu. Kopo lilikuwa zuri, manze, siwezi kudanganya: mchoro wa shanga, rangi ya udongo, na maneno kuhusu "hekima ya mababu". Ndani, bia ya wimbi. Tamu kwa kweli. Nikauliza kijana wa mauzo, hii hekima mliipata kwa nani? Akasema, "Ni kama insipiresheni tu, bro." Nikamuuliza, kuna mpishi wa kienyeji aliyewafundisha? Akacheka, akaniongezea glasi.

Insipiresheni. Kopo moja kwa bei ambayo mtu mtaani analisha nyumba siku mbili, na aliyewapa insipiresheni hana jina, hana hisa, hana leseni. Video yao sikuiweka.

Najua mtu ataniambia, "Lakini bro, busaa haiwezi kuingia kwa kopo." Hapo kuna ukweli, na tuuongelee vizuri.

Kopo lina faida zake. Hopsi ikipigwa na mwanga inatoa harufu mbaya, ndiyo maana chupa nyingi za bia ni za kahawia. Kopo haliingizi mwanga kabisa, ni jepesi kubeba, na ndani limepakwa utando ili bia isiguse chuma. Hata huko Marekani watu wa krafti walikuwa wanadharau kopo, waliona ni la bia za bei ya chini, hadi Oskar Blues wa Colorado walipoanza kuweka bia yao kwenye makopo mwaka 2002. Leo kopo ndiyo fasheni yenyewe.

Busaa ni tofauti kwa sababu bado iko hai. Inaendelea kuchachuka baada ya kuchujwa, inatoa hewa. Ukiifunga kwenye kopo bila kuipasha moto kwanza, inapasuka. Na ukikaa nayo siku nyingi inakuwa chungu. Hii ni shida ya kweli.

Lakini ni shida ambayo majirani walishaitatua. Chibuku ilianza Zambia, enzi hizo ikiitwa Northern Rhodesia, ni pombe ya nafaka nzito kama busaa. Waliiweka kwenye pakiti za karatasi ngumu zinazoruhusu hewa kutoka. Kwa sababu unga unatulia chini, lazima utikise kabla ya kunywa, ndiyo ikapata jina Shake Shake. Ikauzwa Malawi, Botswana, Zimbabwe, hadi Tanzania ikapikwa Dar es Salaam. Baadaye Zimbabwe wakatoa toleo lililopashwa moto ili likae muda mrefu zaidi kwenye chupa ya plastiki. Kwa hivyo usiniambie haiwezekani. Sema hatujataka.

Na hata hapa tunajua ufungaji unaweza kubadilisha kila kitu. Senator Keg ilikuja 2004. Bia ya mtama, kwenye mapipa ya chuma yanayorudi kiwandani, bila gharama ya chupa, na ushuru ukapunguzwa ili mtu wa kipato cha chini aache kunywa vitu vya hatari. Ilifanya kazi. Mwaka 2013 serikali ikapunguza huo msamaha wa ushuru, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, wakulima wa mtama wakabaki wakiangalia mavuno yao. Mwaka 2015 ikarudi nyuma, msamaha ukawa asilimia 90. Somo ni rahisi: sera ya ushuru na aina ya chombo vinaweza kuamua maisha ya mkulima wa Tharaka au Siaya. Kampuni kubwa ililijua hilo, ikaenda kuomba, ikapewa. Mama wa busaa anaenda kuomba kwa nani?

Tukuje kwa ushuru wa sasa, maana hapa ndipo hii maneno inakuwa ya leo. Mabadiliko ya sheria za ushuru ya Desemba 2024 yaliacha kutoza bia kwa lita, yakaanza kutoza kwa kiasi cha pombe halisi ndani yake. Kiwango cha kawaida cha bia ni shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya pombe halisi. Mpishi mdogo wa kujitegemea mwenye leseni analipa shilingi 10.

Piga hesabu na mimi. Bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina sentilita 2.5 za pombe halisi. Kiwanda kikubwa: shilingi 56.25. Mpishi mdogo: shilingi 25. Tofauti ya zaidi ya shilingi 31 kwa kila kopo. Hiyo ni zawadi kubwa sana, na mimi naiunga mkono. Viwanda vidogo vinahitaji nafasi ya kupumua.

Lakini soma tena hayo maneno: "mpishi mdogo wa kujitegemea mwenye leseni". Nani ni mdogo kuliko mama mwenye mapipa mawili nyuma ya nyumba? Nani anajitegemea kumshinda? Amekosa neno la mwisho tu, leseni, na hilo neno linataka jengo, cheti cha KEBS, stempu za ushuru, kibali cha kaunti na mtu wa kukuandikia barua. Aliyekuja na mtaji atavuka huo mlango na wimbi la yule mama mkononi. Mama mwenyewe atabaki nje akisikiza karao wakigonga.

Na hii si mara ya kwanza. Miaka ya 1920, baraza la mji la wakoloni lilifungua klabu yake ya pombe Pumwani. Liliuza pombe ya Kiafrika na kuweka faida, huku wanawake waliopika nyumbani wakishikwa. Pombe haikuwa shida. Shida ilikuwa nani anapata doo. Ukiangalia leo, muziki umebadilika, densi ni ile ile.

Sheria ya 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la Mututho, ilijaribu kufungua mlango. Hata chang'aa ilihalalishwa, kwa masharti ya leseni, chupa na lebo ya onyo. Kwa karatasi ilikuwa hatua kubwa. Lakini ukimpa mtu ruhusa ambayo gharama yake hawezi kuifikia, umempa picha ya mlango.

Sasa upande wa pili, kwa sababu hamtaniacha, na mko na haki. Watu wamekufa. Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa kwa pombe yenye methanoli. Februari 2024, Kangai kule Kirinyaga, watu zaidi ya kumi wakafa. Kuna familia zilizozika vijana wa umri wetu, na kuna wengine walibaki vipofu. Siwezi kuandika hapa nikifanya kama hiyo haikutokea.

Lakini tutofautishe vitu. Kuchachusha wimbi au asali hakutengenezi methanoli ya kuua mtu. Hiyo ya kuua ni ya viwandani, mtu anaichukua na kuichanganya ili apate faida haraka. Na mchanganyaji anapenda sana chupa yenye lebo, kwa sababu lebo inamfanya aaminike. Kwa hivyo kopo au chupa peke yake haiokoi mtu. Kinachookoa ni mtu kupima kilichomo ndani, na huwezi kupima pombe ya mtu aliyejificha. Ukimfukuza mpishi kwa miaka mia moja, utampata wapi siku unataka kuchukua sampuli?

Na sitetei ulevi. Pombe ni pombe, iwe ya bati au ya kopo la shanga. Kama inakushinda, tafuta usaidizi, hiyo si aibu. Kama hunywi, kaa hivyo hivyo, hukosi kitu. Mimi naongelea kazi, na nani analipwa kwa kazi.

Kwingine wameanza kuonyesha njia. Afrika Kusini kuna Apiwe Nxusani-Mawela, mpishi wa bia aliyesoma hii kazi hadi mwisho, akaanzisha chapa yake ya Tolokazi, anaweka mtama ndani na hafichi kwamba pombe ya Kiafrika ilikuwa kazi ya wanawake. Kigali kuna Kweza, kiwanda kidogo kilichoanzishwa na wanawake. Hawa hawakungoja mtu awaweke kwa mchoro wa kopo. Jina lililoko kwenye leseni ni lao.

Kwa hivyo nataka nini? Vitu vitatu, na hakuna kinachohitaji miujiza.

Kwanza, lebo iseme ukweli. Ukiandika "hekima ya mababu", andika ya nani. Wimbi la wapi, njia ya kupika ya jamii gani, nani aliwafundisha. Mvinyo wa Ufaransa unataja hadi kijiji. Sisi tunashindwaje kutaja Busia?

Pili, lipeni. Kama mpishi wa kienyeji amekufundisha kutengeneza kimera au kutunza tunda la muratina, huyo ni mshauri wa kiufundi. Mtu wa matangazo mnamlipa. Mimi wa video mlikuwa mnilipe. Yeye je?

Tatu, kaunti zijenge jikoni za pamoja za kupikia. Jengo moja safi, maji ya bomba, kifaa cha kupima nguvu ya pombe, afisa wa afya anayejulikana, na leseni ya ushirika badala ya ya mtu mmoja. Tumefanya hivyo na maziwa kwa miongo mingi: mkulima mwenye ng'ombe wawili anapeleka lita zake kwa ushirika, yanapimwa, anaingia kwa biashara rasmi. Kwani wimbi lina kosa gani?

Kwa wenzangu wa video: tukialikwa tena kwa uzinduzi wa bia "mpya" ya Kiafrika, tukule nyama, sawa, lakini tuulize lile swali na kamera ikiwa imewashwa. Nani alipika hii kwanza, na mmempa nini? Kama jibu ni insipiresheni, watu wenu waone hiyo sura ikisema insipiresheni.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini huyu mgema wetu hajawahi kusifiwa. Amepigwa rungu, amemwagiwa pipa, na sasa anaibiwa jina. Mpe sifa zake kwanza, na leseni. Akitia maji baadaye, KEBS watampima kama wengine wote.

Haya, komenti ziko wazi. Kwenu ilikuwa inaitwaje, na nani alikuwa anaipika? Andika, hata kama ni jina la pombe tu. Angalau hapa litakuwa limeandikwa.